Nyama Niliyoimwagia Mafuta ya Taa

Mwalimu Neema, mpangaji wangu wa chumba cha uani, aligonga mlango Jumamosi moja mchana akiwa ameshika bakuli lenye nusu kilo ya nyama ya ng'ombe. Alinipa shikamoo, nikaitika, kisha akaniomba nimnusie. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake jioni, friji lake lilikuwa linatiririsha maji sakafuni, na hakuwa na uhakika kama nyama ile bado ilikuwa nzima. Alikuja kwangu kwa sababu anajua kazi niliyoifanya. Nilikuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka thelathini na miwili, mwanzo huko milimani Mgeta, baadaye hapa Morogoro mjini hadi nilipostaafu.

Nililipokea bakuli, nikaliinamia, nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Harufu nzuri haikuwepo, mbaya haikuwepo. Nilikuwa kama mtu anayenusa glasi ya maji.

Masika yaliyopita niliugua mafua makali, na yalipoisha yaliondoka na pua yangu. Sikumwambia mtu. Kwanza ningemwambia nani? Mke wangu Veronika alifariki miaka sita iliyopita, wanangu wana maisha yao mbali, na wale niliofanya nao kazi wengi wao wametangulia. Halafu mkaguzi wa nyama asiyesikia harufu ni kama fundi cherehani asiyeliona tundu la sindano. Niliona aibu.

Basi nikamrudishia Neema bakuli lake nikamwambia, "Ni nzima, mwanangu. Kapike."

Akashukuru, akaenda. Nikarudi kukaa. Nilimsikia akikata vitunguu, nikasikia mafuta yanaanza kuchemka. Nadhani zilipita dakika tano, na katika dakika hizo tano nilijiona mtu wa hovyo kuliko wauza bucha wote niliowahi kuwafungia. Nikanyanyuka nikaenda uani.

"Mwalimu, usiitie kwanza," nikamwambia. "Sikukuambia kweli. Mimi sisikii harufu tena."

Hakucheka wala hakushangaa. Alizima jiko, akaichukua nyama akainusa mwenyewe, akasema anasikia uchachu, kama maziwa yaliyosahaulika sufuriani. Nikaibonyeza kwa kidole. Kishimo kikabaki pale pale bila kurudi. Nikageuza kipande kimoja na kuona utelezi unavutika kati yake na bakuli. Macho yangu yalikuwa mazima, vidole vyangu vilikuwa vizima, na vingeniambia yote hayo tangu mwanzo kama nisingekuwa na haraka ya kuonekana bado mimi ni mimi. Tukaifunga tukaitupa, na Neema akala wali kwa maharage.

Yeye ndiye aliyeniambia niandike. Alisema mama wa wanafunzi wake wananunua nyama jioni, wanaibeba kwenye bodaboda mpaka nyumbani, na hakuna anayewaambia chochote. Ninyi vijana mnaoanza maisha ya vyumba vyenu, mwenye friji na asiye na friji, haya ni yenu.

Nyama nzima ya ng'ombe ina harufu, msidanganywe kwamba haina. Inanukia damu kidogo, kama chuma kilicholowa. Ikianza kuharibika huwa chachu, na ikizidi humpiga mtu puani kama choo kisichomwagiwa maji. Hapo hata jirani anajua. Kazi ni kuitambua kabla ya hapo. Ishike. Nyama nzima ina unyevu lakini haishiki vidole, na ukiibonyeza hujaa tena. Ikiteleza kama sabuni, au ikivutika kama utomvu, acha. Ukijani ukionekana, au rangi za upinde wa mvua kwenye uso wa nje pamoja na uchachu, acha. Kwa kuku, nusa chini ya bawa na kwenye shingo, maana ndiko huanzia. Kwa nyama yenye mfupa, chomeka ncha ya kisu kando ya mfupa, ichomoe, unuse kisu. Nje panaweza kuwa pazuri kabisa na ndani karibu na mfupa pameshaoza.

Ila rangi, jamani, rangi ilinifundisha adabu.

Mkuu wangu wa kwanza machinjioni aliitwa Mzee Salum, mtu mfupi mwenyeji wa Ngerengere aliyevaa mabuti ya mpira yasiyolingana, moja jeusi, moja la kijani. Wiki yangu ya pili kazini alinituma peke yangu kukagua bucha moja karibu na soko. Nilikuwa nimetoka chuoni, koti langu jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Nikamwambia muuzaji anyanyue paja lililokuwa juu. Chini yake kulikuwa na paja jingine, na pale lilipolaliwa lilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Nikatangaza kwamba limeharibika. Wateja walikuwa wamejaa. Muuzaji akaanza kulalamika, mimi nikazidi kupandisha sauti, mpaka mtu mmoja akaenda kumwita Mzee Salum.

Alikuja taratibu, akalishika lile paja, akalinusa, akalibonyeza, akaliacha wazi juu ya meza. Kisha akaagiza chai. Tulikunywa chai pale pale bucha, mimi na yeye na muuzaji, wateja wakitutazama. Tulipomaliza vikombe, ile sehemu ya kahawia ilikuwa imerudi kuwa nyekundu. Ilikuwa imekosa hewa tu kwa kulaliwa. Mzee Salum akanunua kilo nzima kutoka pale pale niliposema pameoza, akaniambia leo nakula kwake. Mkewe aliipika kwa nazi. Nilikula huku masikio yananiwaka.

Njiani kurudi aliniambia neno moja tu, bila ukali: "Usiihukumu nyama ambayo hujaishika."

Kwa hiyo mkiona kahawia peke yake, msikimbilie kutupa. Kahawia pamoja na utelezi na uchachu, hayo ni mashahidi watatu. Na wakati mwingine mkiona wekundu unaong'aa sana, jiulizeni. Wapo wanaoipangusa nyama ya jana kwa damu mbichi, wapo wanaoning'iniza taa nyekundu juu yake. Ombeni muisogeze kwenye mwanga wa jua. Angalieni muhuri wa ukaguzi, ule wa wino wa zambarau. Kama hakuna, muulize mnyama kachinjwa wapi. Na nyama ya kusaga isagwe mbele ya macho yenu, kutoka kipande mlichokichagua, kwa sababu mashine ya kusaga inaficha dhambi nyingi.

Jambo moja zito zaidi ya hayo yote: nyama inaweza kukuua bila kunuka. Vijidudu vibaya kuliko vyote havina harufu. Kwa hiyo pamoja na kuinusa, uliza imekaa wapi na kwa muda gani. Nyama iliyokaa kwenye joto letu hili la Morogoro zaidi ya saa mbili inahitaji kutiliwa shaka hata kama inanukia vizuri, na jua la mchana likiwa kali hata hizo saa mbili ni nyingi. Ndiyo maana nasema nyama inunuliwe mwisho. Maliza vitunguu, maliza mchele, maliza maongezi, ndipo upite bucha, kisha uende nyumbani moja kwa moja. Na msidanganywe kwamba kuchemsha sana kunarekebisha iliyoharibika. Vijidudu hufa, lakini sumu vilizoziacha nyingine haziogopi moto. Tangawizi na ndimu huficha harufu tu.

Kazi hii haina marafiki. Nawaambia mapema, mtu asije akaingia kwa kudhani ataheshimiwa. Wauza bucha walituchanganya sote, wakaguzi wa mifugo na wa afya, wakatuita Bwana Afya, na Bwana Afya akiingia mahali mazungumzo hukatika. Nikipita kwenye nyama choma watu waliziba sahani kwa mikono wakicheka. Nami nilicheka. Lakini mtu akicheka hivyo miaka thelathini, hafikirii kukukaribisha ukae. Na kuna jambo jingine gumu zaidi. Daktari akimponya mgonjwa, mgonjwa anamshukuru. Mkaguzi akizuia nyama mbaya, hakuna kinachotokea. Watu wanalala, wanaamka, wanaenda shambani, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba angeugua. Wanachokumbuka ni kwamba ulitupa nyama yao.

Nyumbani nilikuwa na Veronika. Yeye ndiye aliyeshika friji, na alilishika vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni. Nyama mbichi ilikaa chini kabisa, ndani ya chombo chenye mfuniko, mboga na chakula kilichopikwa juu. Alisema damu hudondoka, haipandi. Maini, kuku na nyama ya kusaga alitaka vipikwe siku hiyo au kesho yake. Vipande vya ng'ombe aliviruhusu hadi siku ya tatu. Vilivyozidi aliviweka kwenye barafu kwa vifurushi vidogo vya robo kilo, akivibonyeza viwe bapa ili baridi ifike katikati upesi na ili usilazimike kuyeyusha kilo mbili kwa ajili ya watu wawili. Kilichoyeyuka hakurudisha kwenye barafu. Asubuhi alikitoa kifurushi akakiweka chini ndani ya friji kiyeyuke taratibu. Nikikiweka juu ya meza kutwa nzima, kama nilivyojaribu mara moja, nilisikia maneno. Alikuwa na ubao wake wa nyama na kisu chake cha nyama, na hakuiosha nyama karibu na kachumbari, kwa sababu maji yanaruka. Umeme ukikatika alifunga friji kwa kitambaa kwenye mpini, ili mtu akumbuke kutolifungua. Lisipofunguliwa hukaa na baridi kama saa nne. Sehemu ya barafu ikiwa imejaa hufika hata siku mbili.

Kila kifurushi alikibandika karatasi yenye siku kilipoingia. Alipofariki, vilikuwa vimebaki vifurushi vitatu. Kimoja kiliandikwa "Alhamisi" kwa ile herufi A yake iliyolala.

Sikuvipika na sikuvitupa. Mimi, niliyewafundisha watu wilaya nzima kwamba nyama hata ya kwenye barafu ina mwisho wake, nilivikalisha zaidi ya mwaka. Nilikuwa nafungua mlango, naviona, nafunga. Kisha umeme ukakatika siku tatu nikiwa kwa binti yangu Dodoma, nikarudi nikakuta maji na harufu, maana wakati ule nilikuwa bado nasikia harufu. Nilivizika kwenye bustani nyuma ya nyumba. Karatasi nilizianika juani, lakini wino ulikuwa umeshatoka.

Sasa niwaambie kuhusu dada yangu.

Kostansia ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja Mgeta juu, na hakuwahi kutoka kule. Analima kabichi, karoti na njegere kwenye mteremko ambao mgeni akiuona anashika ukuta. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mkubwa. Mtoto wa dada yako ni wako, na siku anapoolewa wewe ndiye unayesimama. Kwa hiyo binti yake mkubwa alipopata mchumba, mimi ndiye niliyepokea wageni wa posa, nami ndiye niliyesema nitafika Ijumaa mchana, siku moja kabla ya harusi, nisimamie uchinjaji.

Sikufika Ijumaa. Machinjioni mjini kulikuwa na kazi nyingi siku hiyo na niliona hakuna wa kumwachia nafasi yangu. Nilipanda gari la kwanza Jumamosi asubuhi.

Ng'ombe alikuwa amenunuliwa bondeni Mlali akapandishwa mlima kwa miguu siku nzima, na alipofika tu akachinjwa. Hilo la kwanza lilikuwa kosa. Mnyama aliyechoka apumzishwe, la sivyo nyama yake haidumu. La pili, nyama ilikatwa ikiwa bado ina joto la mwili, ikajazwa kwenye madiaba manne ya plastiki, yakafunikwa vizuri kwa sababu ya nzi, yakawekwa stoo iliyopakana na jiko walilokuwa wakipikia usiku kucha. Watu walisema baridi ya Mgeta ni friji. Ni kweli ni baridi. Lakini baridi haikuwa ndani ya diaba. Nyama ya moto ikirundikwa hivyo hujipika yenyewe katikati. Inatakiwa itundikwe, au isambazwe mahali penye hewa mpaka ipoe kabisa, ndipo ifunikwe. Mama yetu hakuwa na friji maisha yake yote; alikuwa akiikata nyembamba kama mkanda, akaitia chumvi, akaitundika juu ya moshi wa jiko, na hatukuugua.

Nilifunua diaba la kwanza na uso wangu ukarudi nyuma wenyewe. Nikazamisha mkono mpaka katikati: palikuwa pa moto, panateleza, na kipande nilichokitoa kilikuwa na ukijani kwenye mafuta. Nikafunua la pili, likawa vile vile. Wapishi walikuwa wameshaandaa ndimu na tangawizi beseni zima. Nje, wakwe walikuwa wameanza kushuka kwenye gari, wazee wao wakisalimiana na wetu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumshika dada yangu mkono, nimpeleke pembeni, niongee naye kama kaka. Sikufanya hivyo. Nilisimama mlangoni mwa stoo nikasema kwa sauti ile ile ya kazini, "Nyama hii hailiwi na mtu." Kila mtu alisikia, wakwe wakiwemo. Mpishi mmoja akasema labda tuchague vipande vya juu. Nikachukua dumu la mafuta ya taa lililokuwa kwenye kona nikamwagia madiaba yote manne, ili pasiwe na mtu wa kuchagua chochote.

Kostansia alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Aligeuka akaenda kuomba maharage kwa majirani.

Wageni walikula wali, maharage na kabichi. Wakwe walikuwa watu wa adabu, walikula na kushukuru, lakini njia nzima ya kurudi walizungumza. Walisema mjomba mwenyewe ndiye aliyeiaibisha harusi. Wengine walisema nina wivu. Binti aliolewa salama, ana watoto watatu leo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeumwa tumbo siku ile. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kusema nini? Sikuwa na mgonjwa wa kuonyesha.

Kostansia hakuongea na mimi kwa miaka kumi na moja. Nikituma salamu hazikurudi. Nilipanda mara mbili mwaka wa kwanza. Mara zote aliambiwa nimefika akapitia njia ya shambani. Nikaacha kupanda. Veronika alipofariki alikuja. Aliketi na wanawake, aliosha vyombo, alilala kwenye mkeka siku tatu, alimlilia wifi yake kwa machozi ya kweli. Siku ya nne akaondoka na gari la asubuhi, na katika siku zote hizo sikupata kwake neno zaidi ya "pole, kaka," alilolisema akitazama chini.

Nilijifariji kwa kusema kwamba nilikuwa sahihi. Ni faraja baridi, lakini mtu akiwa peke yake hujifunika nayo. Shida ni kwamba haikuwa kamili, na mimi nilijua. Nilifunua madiaba mawili tu. Yale mengine mawili sikuyashika. Huenda yalikuwa vile vile, tena naamini yalikuwa vile vile, maana ni ng'ombe mmoja na stoo moja. Lakini sikuyashika. Nilikuwa na hasira, na nadhani hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe kwa kutofika Ijumaa. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hili, hata Veronika.

Baada ya lile la bakuli la Neema, sikulala vizuri wiki nzima. Nilipomwambia kwamba sisikii harufu, nilitegemea dunia ianguke, na haikuanguka. Alizima jiko tu. Nikaanza kufikiri kwamba pengine lile jingine nalo linasemeka. Jumamosi iliyofuata nikapanda Mgeta.

Nilimkuta Kostansia ameketi kwenye kizingiti anamenya njegere. Amekuwa mdogo, mgongo umeinama, na hana tena miguu ya kukimbilia shambani. Aliniambia karibu, akanisogezea kigoda. Nikakaa. Sikutaka kuzunguka.

"Nilifunua mawili tu," nikamwambia. "Mawili mengine nilimwagia bila kuyashika. Nimekuja kukuambia hilo."

Aliendelea kumenya. Nilihisi atanyanyuka aingie ndani.

"Nilikuwa nyuma yako, kaka," akasema. "Niliona."

Nikamwambia basi alikuwa na haki ya hasira miaka yote hii. Akatikisa kichwa. Alisema hakuwahi kuwa na hasira na mimi, au labda ile siku yenyewe tu, kwa sababu ya kelele zangu. Kisha akaweka bakuli la njegere chini.

"Mimi niliinusa alfajiri," akasema. "Yote manne. Niliyafunua kabla hujafika, nikajua. Ndimu niliagiza mimi. Nilikuwa nawaza wakwe wanakuja, nawaza watu watasema nini. Ningewalisha, kaka. Ningemlisha mwanangu na mume wake siku ya harusi yao. Ungechelewa saa moja tu, ningewalisha. Baada ya hapo ningekutazamaje?"

Miaka kumi na moja nilikuwa nimekaa bondeni nikiamini dada yangu ananichukia, na yeye amekaa juu akiamini nikimtazama nitaona alichotaka kufanya. Veronika alimkosa, mimi nilimkosa, watoto wake wamekua bila mjomba. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi juzi tu nilimwambia mtoto wa watu akapike nyama iliyooza kwa sababu ya aibu, na nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hatukulia wala hatukukumbatiana. Sisi si watu wa hivyo. Alinipa nusu ya njegere tukamenya pamoja sehemu kubwa ya mchana.

Nililala kwake siku mbili. Kulikuwa na mambo mengi ambayo hatukujua tuyaanzie wapi. Aliniuliza kama Veronika alipata shida mwishoni. Nikamweleza. Aliniuliza kama pua itarudi, nikamwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani kwa mwendo wake mdogo, akasubiri gari pamoja nami, na gari lilipofika alisema tu niende salama.

Wanangu, nyama ikikutia shaka, itupe. Hasara ya nusu kilo inalipika. Na ukiona ya mwenzako imeharibika, mwambie, lakini mvute pembeni, umwambie kwa sauti ndogo, umwachie nafasi ya kuitupa yeye mwenyewe. Hilo sikufundishwa popote.

Siku hizi nipo hapa peke yangu. Neema amehamishiwa shule nyingine na chumba cha uani kiko wazi. Anayeishi peke yake hupika kwa uvivu, nami siku nyingi ni chai na mkate. Lakini Jumapili baada ya misa Kostansia hupanda kwenye kilima kimoja cha kwao chenye mtandao wa simu akanipigia. Hapendi simu, dakika tatu ni nyingi kwake. Hana habari nyingi, na mimi sina. Huuliza nimekula nini. Kwa hiyo Jumapili asubuhi naenda bucha, naibonyeza kwa kidole, naiangalia juani, naleta robo kilo nyumbani na kuipika, ili akiuliza nisimdanganye.